Kompyuta Iliyofungiwa Masasisho: Jua Aliyefunga Kabla ya Kufungua

Kompyuta nyingi zinazotumika katika saiba, shule na maduka hununuliwa zikiwa zimekwisha kutumika kwingine. Baadhi zilikuwa za kampuni za humu nchini, nyingine zililetwa kutoka ng'ambo, na ndizo wauzaji huziita ex-UK. Bei yake ni nafuu, na nyingi hufanya kazi vizuri kwa miaka.

Tatizo hujitokeza siku ambayo mwenye kompyuta anafungua ukurasa wa masasisho ya Windows na kukuta vitufe vimekuwa vya kijivu, havibonyezeki. Juu ya ukurasa pana maandishi ya Kiingereza: "Some settings are managed by your organization", yaani baadhi ya mipangilio inasimamiwa na shirika lako. Mwenyewe hana shirika lolote. Ana saiba ya meza nne karibu na stendi ya matatu.

Wengi hupuuza ujumbe huo kwa kuwa kompyuta bado inawaka na intaneti inapatikana. Lakini katika saiba hiyo ndimo wakazi wanamofungulia akaunti zao za eCitizen, wanamowasilisha ripoti za ushuru kwa KRA, na wanamoacha nakala za vitambulisho na vyeti vya shule. Kompyuta isiyopokea masasisho inaweka hatarini nywila na stakabadhi za mtaa mzima, si za mwenye saiba peke yake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 nayo inamtaka kila anayeshughulikia taarifa za watu wengine kuchukua hatua za kuzilinda.

Makala haya yanaeleza ni nani huweza kufunga mipangilio ya masasisho, jinsi ya kumtambua, na njia salama ya kuifungua.

Kwa nini masasisho ni muhimu

Sasisho ni marekebisho yanayotolewa na mtengenezaji wa programu baada ya kasoro kugunduliwa. Microsoft hutoa masasisho ya usalama ya Windows kila Jumanne ya pili ya mwezi. Yanapotolewa, maelezo ya kasoro zilizorekebishwa nayo hutangazwa. Wahalifu wa mtandaoni huyasoma maelezo hayo kama wasomavyo wengine, kisha huanza kutafuta kompyuta ambazo bado hazijarekebishwa. Ndiyo maana kompyuta iliyochelewa huzidi kuwa hatarini kila mwezi unaopita.

Mfano unaojulikana zaidi ni ule wa WannaCry. Tarehe 14 Machi 2017, Microsoft ilitoa sasisho la kuziba kasoro fulani ya Windows. Tarehe 12 Mei mwaka huohuo, karibu miezi miwili baadaye, programu hasidi iliyopewa jina la WannaCry ilianza kuenea kupitia kasoro hiyohiyo. Ilifunga faili za watu na kudai fidia ili zifunguliwe. Kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150 ziliathirika, na hospitali za umma nchini Uingereza zililazimika kuahirisha miadi ya wagonjwa. Kompyuta zilizokuwa zimepokea sasisho la Machi hazikuweza kuingiliwa kwa njia hiyo. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.

Nani hufunga mipangilio?

Vitufe vya masasisho havigeuki kijivu vyenyewe. Kwa kawaida kuna aliyefunga, naye huwa mmoja kati ya hawa.

*Shirika lililokuwa na kompyuta.* Kampuni, shule na ofisi kubwa huwa na msimamizi wa mifumo anayeziwekea kompyuta zote sera za pamoja. Msimamizi huyo huamua lini masasisho yaingie na yatoke wapi. Mara nyingi kompyuta huelekezwa kuchukua masasisho kutoka kwa seva ya shirika lenyewe badala ya kuyafuata Microsoft moja kwa moja. Hilo ni jambo jema mradi kompyuta imo ofisini. Kompyuta ikiuzwa bila kusafishwa, sera hubaki ndani yake. Itaendelea kubisha hodi kwa seva iliyo katika jengo la mbali, ambayo haiwezi kuifikia tena, na masasisho hayatakuja.

*Fundi.* Mafundi wengine huzima masasisho kwa ombi la mteja anayelalamika kwamba bando linaisha haraka. Wengine huzima kwa sababu Windows waliyoweka haina leseni halali. Huenda fundi amezima huduma ya masasisho, amebadilisha sera, au ameweka programu ndogo ya kuzuia. Mteja huondoka akiwa ameridhika, na baada ya mwaka mmoja hakumbuki kwamba jambo hilo lilifanyika.

*Programu hasidi.* Virusi vingi huanza kwa kuzima masasisho na ulinzi wa kompyuta ili visigunduliwe. Conficker, iliyoanza kuenea mwishoni mwa mwaka wa 2008, ilizima masasisho ya Windows na pia kuzuia tovuti za kampuni zinazotengeneza programu za kupambana na virusi. Dalili ya namna hiyo ni rahisi kuitambua: tovuti nyingine zote hufunguka, lakini zile za usalama wa kompyuta hazifunguki.

*Aina ya akaunti.* Wakati mwingine kompyuta haijafungwa hata kidogo. Anayeitumia ameingia kwa akaunti ya kawaida, isiyo na mamlaka ya kubadilisha baadhi ya mipangilio. Katika saiba na shule, huo ndio utaratibu unaofaa. Wateja na wanafunzi watumie akaunti ya kawaida, na mwenye kompyuta peke yake awe na nywila ya akaunti ya msimamizi.

Jinsi ya kumtambua aliyefunga

Hatua hizi hazibadilishi chochote katika kompyuta, kwa hivyo mkazi yeyote anaweza kuzifuata bila hofu. Majina ya kurasa yameandikwa hapa kama yanavyoonekana kwenye skrini ya Kiingereza.

1. Fungua "Settings", kisha "Accounts", halafu "Your info". Tazama chini ya jina la akaunti. Pasipoandikwa "Administrator", toka na uingie tena kwa akaunti ya msimamizi, kisha ujaribu upya.

2. Ukiwa palepale kwenye "Accounts", fungua "Access work or school". Ukikuta pameunganishwa akaunti ya kampuni, chuo au shule, basi aliyefunga amepatikana. Kompyuta hiyo bado inapokea maagizo kutoka kwa shirika hilo.

3. Fungua ukurasa wa "Windows Update". Katika Windows 10, bonyeza maneno "View configured update policies" yaliyo chini ya ule ujumbe. Katika Windows 11, fungua "Advanced options", kisha "Configured update policies". Hapo pana orodha ya sera zilizowekwa. Neno "Group Policy" linaonyesha sera iliyowekwa ndani ya kompyuta au iliyotoka kwa mtandao wa ofisi. Maneno "Mobile Device Management" yanaonyesha kompyuta inasimamiwa na shirika kutoka mbali.

4. Bonyeza kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na herufi R, andika services.msc, kisha bonyeza Enter. Katika orodha itakayofunguka, tafuta "Windows Update". Ikiwa aina ya kuanza ni "Disabled", kuna aliyeizima. Kwa kawaida huwa ni "Manual", na hiyo si kasoro, kwani Windows huiwasha yenyewe inapoihitaji.

5. Fungua "Windows Security" na uanzishe uchunguzi wa virusi. Uchunguzi unaofaa zaidi ni ule wa "Microsoft Defender Offline", ambao huizima kompyuta na kuichunguza kabla Windows haijawaka, wakati virusi havijapata nafasi ya kujificha. Hifadhi kazi zako kwanza.

Kabla ya kuhitimisha kwamba kompyuta imefungwa, hakikisha pia kwamba masasisho hayajasitishwa tu kwa muda. Windows humruhusu mtumiaji kuyasitisha kwa hadi wiki 5, kisha huyarejesha.

Kompyuta ikiwa ni ya mwajiri au shule

Mwalimu, karani au mhudumu wa afya aliyepewa kompyuta ya kazi na kukuta vitufe vimefungwa hapaswi kuvifungua. Kufungwa kwake ni sehemu ya ulinzi, na msimamizi wa mifumo ndiye anayepanga masasisho yaingie lini. Anachopaswa kufanya ni kumwarifu msimamizi huyo iwapo masasisho hayajaingia kwa zaidi ya mwezi mmoja. Huenda kompyuta haijaunganishwa na mtandao wa ofisi kwa muda mrefu, au seva ina hitilafu.

Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka wa 2018 inakataza mtu kuingilia mfumo wa kompyuta bila idhini ya mwenyewe. Kumwita fundi wa mtaani avunje kufuli la kompyuta ya ofisi kunaweza kumletea mfanyakazi matatizo makubwa kuliko yale aliyotaka kuyaondoa.

Kompyuta ikiwa ni yako

Ikiwa kompyuta ni mali yako halali, una haki ya kuifungua. Anza kwa kunakili faili zako muhimu kwenye diski ya nje au flashi. Hatua hii isirukwe hata kama kazi inafanywa na fundi unayemwamini.

Ikiwa tatizo ni huduma iliyozimwa, ibonyeze mara mbili katika ile orodha ya huduma, badilisha "Disabled" iwe "Manual", kisha uizime kompyuta na kuiwasha tena. Iwapo kuna programu ya kuzuia masasisho, iondoe kupitia ukurasa wa "Apps".

Ikiwa tatizo ni akaunti ya shirika ambalo huna uhusiano nalo tena, itenganishe kwa kubonyeza "Disconnect" kwenye ukurasa wa "Access work or school". Hakikisha kwanza kuwa una akaunti yako nyingine ya msimamizi yenye nywila unayoikumbuka, usije ukajifungia nje.

Ikiwa tatizo ni sera iliyobaki, njia hutegemea toleo la Windows. Windows Pro ina programu ya kurekebisha sera. Bonyeza nembo ya Windows na R, andika gpedit.msc, kisha ufuate "Computer Configuration", "Administrative Templates", "Windows Components", hadi "Windows Update". Sera mbili ndizo za kuangaliwa kwanza. Moja ni "Configure Automatic Updates", na nyingine ni "Specify intranet Microsoft update service location", ambayo ndiyo huielekeza kompyuta kwa seva ya shirika. Katika Windows 11, sera hizi zimo ndani ya mafolda madogo yaliyo chini ya "Windows Update". Zirejeshe zote mbili kuwa "Not Configured", kisha uwashe kompyuta upya.

Windows Home haina programu hiyo. Sera zilizobaki humo hupatikana katika rejista ya Windows, chini ya HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Policies\Microsoft\Windows\WindowsUpdate. Rejista ni mahali pa kushughulikiwa na fundi anayejua anachofanya, kwa sababu kufuta kitu kisichostahili kunaweza kuifanya Windows isiwake. Mtake fundi ahifadhi nakala ya sehemu hiyo kabla hajaigusa, na akuonyeshe alichobadilisha.

Kwa kompyuta iliyotoka ofisi usiyoijua, au iliyogunduliwa kuwa na virusi, njia iliyo safi zaidi ni kuiweka upya Windows yote. Katika Windows 11, njia hiyo iko chini ya "System", kisha "Recovery", na huitwa "Reset this PC". Katika Windows 10, iko chini ya "Update & Security". Ukichagua "Keep my files", faili zako hubaki lakini programu ulizoziweka huondolewa, kwa hivyo utahitaji kuziweka tena. Ikiwa virusi vilipatikana, ni heri kuchagua kufuta kila kitu na kurejesha faili zako kutoka kwa nakala uliyoichunguza. Nywila zilizotumika katika kompyuta hiyo nazo zibadilishwe, kwa kutumia kifaa kingine.

Baada ya kufungua, bonyeza "Check for updates". Kompyuta iliyokaa miezi bila masasisho itakuwa na mengi ya kupakua, na huenda ikahitaji kuwashwa upya mara kadhaa. Kazi hii ifanywe kompyuta ikiwa kwenye chaji, wakati stima ni ya kutegemewa. Usiizime kwa nguvu katikati ya sasisho. Rudia hadi ukurasa uandike "You're up to date".

Iwapo vitufe vitarudi kuwa vya kijivu baada ya siku moja au mbili, hiyo ni dalili muhimu. Kuna kinachofunga upya, yaani shirika bado lina mamlaka juu ya kompyuta hiyo au programu hasidi bado imo ndani. Usiendelee kufungua kila siku. Rudi kwenye hatua za kutambua.

Kuokoa bando bila kufunga masasisho

Sasisho la kila mwezi huweza kufikia mamia ya megabaiti, na si kila mkazi ana mtandao usio na kikomo. Lakini kuyazima kabisa si suluhisho, kwa kuwa Windows ina njia zake za kupunguza gharama.

Anayetumia intaneti ya simu anaweza kuufungua mtandao huo katika "Network & internet" na kuwasha "Metered connection". Windows itaacha kupakua masasisho mengi yenyewe, na mtumiaji atachagua wakati wa kuyapakua, kwa mfano akiwa na bando la usiku au akiwa mahali penye Wi-Fi. Anayefanya hivyo ajiwekee siku maalum kila mwezi, mathalani wikendi inayofuata Jumanne ya pili.

Mwenye saiba au msimamizi wa maabara ya shule yenye kompyuta kadhaa anaweza kufungua "Advanced options", kisha "Delivery Optimization", na kuruhusu kompyuta zipokezane masasisho katika mtandao wa ndani pekee. Hivyo sehemu kubwa ya sasisho hupakuliwa na kompyuta moja, na nyingine huichukua kutoka kwake badala ya kila moja kutumia bando lake.

Wanaoudhiwa na kompyuta kujiwasha upya katikati ya kazi nao wanaweza kuweka "Active hours", yaani saa za kazi. Muda huo unaweza kufika saa 18 kwa siku, na ndani yake Windows haitajiwasha upya ili kumalizia masasisho.

Kabla ya kununua kompyuta iliyotumika

Matatizo mengi yaliyoelezwa hapa yangeepukika dukani. Mnunuzi anashauriwa asilipe kabla ya kuiona kompyuta ikiwaka na kuunganishwa kwenye intaneti. Amtake muuzaji afungue ukurasa wa "Windows Update" na ule wa "Access work or school" mbele yake. Pia aulize iwapo Windows ina leseni, jambo linaloonekana kwenye ukurasa wa "Activation".

Kuna kufuli moja ambalo hata kuiweka Windows upya hakuliondoi. Mashirika mengine husajili kompyuta zao kwa Microsoft kupitia mpango uitwao Autopilot. Kompyuta ya namna hiyo ikiwekwa upya na kuunganishwa kwenye intaneti, hudai barua pepe na nywila ya shirika husika. Ni shirika hilo linalopaswa kuiondoa katika usajili wake. Muuzaji asipoweza kueleza ilivyomfikia, huenda ni mali ya wizi, na mnunuzi afadhali aiache.

Jambo la mwisho la kuangaliwa ni umri. Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma za kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Microsoft iliweka mpango wa nyongeza wa masasisho ya usalama kwa kompyuta za nyumbani hadi tarehe 13 Oktoba 2026, lakini ni lazima mtumiaji ajisajili. Windows 11 nayo haikubali kila kompyuta. Inahitaji kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na kwa kompyuta nyingi za Intel, prosesa ya kizazi cha 8 au zaidi. Kompyuta isiyotimiza masharti hayo inaweza kuwa ya bei nafuu sana leo na kukosa ulinzi kesho, hata kama vitufe vyake vyote viko wazi.

Msaada zaidi

Mkazi asiyeweza kutambua aliyefunga kompyuta yake anashauriwa kuipeleka kwa fundi anayetambulika, au kuomba ushauri katika idara ya TEHAMA ya kaunti, badala ya kupakua programu za mtandaoni zinazodai kufungua kila kitu kwa kubonyeza mara moja. Nyingi za programu hizo ndizo huleta virusi. Anayeshuku kwamba kompyuta yake imeingiliwa au taarifa za wateja wake zimeibwa anaweza kuripoti kwa KE-CIRT, kituo cha kitaifa cha kushughulikia matukio ya usalama wa mtandaoni kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya.

Kwa walio na saiba, kazi ya kuanzia ni ndogo. Jioni baada ya wateja kuondoka, fungua ukurasa wa masasisho katika kila kompyuta na usome tarehe ya mwisho ilipokaguliwa. Ikiwa ni ya miezi iliyopita, kompyuta hiyo isitumiwe tena kwa eCitizen wala KRA hadi itakaporekebishwa.